Tuleteeni nakala za barua za Mbaruk

Wiki jana niliweka video ya Gazi, dakika mbili na ushee. Nilisimama mbele ya ile nyumba ya zamani iliyokuja kugeuzwa shule, nikasema hapa ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid. Basi. Sijawahi kutukanwa pande mbili kwa mpigo namna ile. Wa kwanza wanauliza mbona namtaja kama mtu wa kawaida, huyu ni shujaa, ndiye Mekatilili wetu wa Kusini. Wa pili wanasema, kijana acha kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, huyo alimiliki watumwa na wazee wetu wa Kidigo na Kiduruma wanamjua vizuri. Mmoja ameandika eti nimelipwa na Mazrui. Ningekuwa nimelipwa, wallahi, nisingekuwa nahesabu sarafu za nauli kila mwisho wa mwezi.

Nimesoma maoni yote, mpaka saa saba usiku. Pande zote mbili zina moto, na pande zote mbili hazina neno hata moja la Mbaruk mwenyewe. Tunabishana juu ya mtu aliyeandikiana barua na masultani na mabalozi kwa miaka mingi, na hakuna anayesema, "mwenyewe aliandika hivi." Hilo ndilo linalonikera. Leo nitasema kirefu kidogo, kwa hivyo weka mahamri karibu.

Tuanze na mtu. Babake, Rashid bin Salim, ndiye Mazrui wa mwisho kuitawala Mombasa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliwakamata wakubwa wa ukoo ule, wakapakiwa chomboni na kupelekwa Bandar Abbas, ng'ambo ya bahari. Rashid hakurudi. Waliobaki Mombasa wakatawanyika, wengine wakaenda kaskazini mpaka Takaungu, wengine wakaja huku kwetu, Gazi. Mbaruk alikuwa mdogo. Kwa hivyo huyu ni mtoto aliyekulia Kusini akijua babake alichukuliwa na nani. Halafu anakuwa mtu mzima, miaka ya 1860 anaishika Gazi, na anayetawala Unguja ni watoto wa yule yule aliyemchukua babake, na wanamtaka apandishe bendera yao. Mimi sishangai alichofanya.

Alichofanya ni kupigana, kupatana, kisha kupigana tena. Miaka ya 1870 ilipita hivyo. Mwaka 1882 jeshi la Sultan Barghash, likiongozwa na Mwingereza aitwaye Lloyd Mathews, lilimfuata mpaka ngome yake ya Mwele, kule vilimani upande wa Shimba Hills. Ngome ikachukuliwa, Mbaruk akapotea msituni, na baada ya muda akawa amerudi Gazi kama kwamba alikuwa ameenda kuoga baharini. Hiyo ilikuwa tabia yake. Mkimbana sana anapanda Mwele, mkichoka anashuka.

Ikaja Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile ya IBEA, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni ilikuwa na akili za duka: badala ya kumpiga ikamlipa posho. Akapokea. Wale mnaomtaka awe shujaa wa chuma tangu utotoni, mmeze na hili. Alikuwa mwanasiasa. Alijua lini achukue pesa na lini achukue bunduki.

Vita kubwa haikuanzia Gazi hata. Ilianzia Takaungu, mwanzoni mwa 1895, alipofariki mkubwa wa huko, Salim bin Khamis. Kampuni ikamtambua mwanawe, Rashid bin Salim, mtu aliyeelewana na Wazungu. Lakini kulikuwa na mwenye madai mengine, na hapa shika kichwa: naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Ndio, wawili. Mbaruk bin Rashid wa Takaungu, kijana, aliyekuwa na ndugu yake Aziz, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mzee wetu. Nusu ya makosa ninayoyaona mitandaoni yanatoka hapo, mtu anachukua habari za kijana wa Takaungu anambandika mzee wa Gazi. Ukiona maelezo yanasema Mbaruk "alinyimwa kiti cha babake mwaka 1895," jua mwandishi amechanganya faili.

Yule kijana na watu wake walipopigwa Takaungu walikimbilia Gazi. Mzee akaambiwa awatoe. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza yenyewe ikachukua nchi kutoka kwa Kampuni, kwa hivyo waliokuwa wakimwambia "watoe" sasa hawakuwa watu wa duka tena. Mkuu wao alikuwa Arthur Hardinge, balozi wa Kiingereza pale Unguja. Mzee hakuwatoa. Posho ikakatika, urafiki ukafa. Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Rawson na mabaharia wake, pamoja na askari wengine, wakapanda vilima na kuivunja Mwele.

Kuhusu Mwele kuna jambo moja nataka ulijue, manake mimi lilinikaa rohoni. Wale mabaharia walipewa medali. Kwa kawaida medali ile ya Afrika Mashariki na Magharibi ina kipande cha chuma juu chenye jina la vita. Ya vita hii haikuwekewa kipande. Waliandika pembeni, kwenye ukingo wa medali, "Mwele," na mwaka. Ziko mpaka leo, watu wanazinunua na kuziuza kwenye minada Uingereza. Jina la kilima chetu limechongwa kwenye fedha huko, na hapa Kwale mwulize mwanafunzi wa darasa la nane Mwele ni nini. Atakuambia ni nafaka.

Baada ya hapo ilikuwa vita vya kuvizia, kutoka Vanga mpaka kaskazini ya Mombasa, miezi mingi. Waingereza wakalazimika kuleta kikosi kutoka Bara Hindi, kilichofika mwezi wa Machi 1896. Mwezi uliofuata Mbaruk akavuka mpaka na watu wake wengi, wanawake, watoto, watumwa, wapiganaji, akajisalimisha kwa Wajerumani, kwa gavana wao Wissmann. Wajerumani hawakumrudisha. Akapelekwa Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia mwaka 1910. Baba alipelekwa Bandar Abbas, mtoto akaishia Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Pwani hii ilikuwa ya watu wa barua kabla meli ya kwanza ya mvuke haijaonekana. Mtu mkubwa hakutuma mdomo tu, alituma waraka, kwa Kiarabu au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, unaanza kwa salamu ndefu mpaka mjumbe anachoka kusimama. Mbaruk alikuwa wa ulimwengu huo. Lakini barua ina hila yake: ukiiandika unaipoteza. Anayebaki nayo ni uliyemwandikia. Alichopokea yeye kilikuwa Gazi na Mwele, na sote tunajua Gazi na Mwele zilifanywa nini. Alichokituma kilienda kwa Sultan, kwa balozi, kwa Kampuni. Ndiyo maana leo ukitaka kumsoma Mbaruk unaanzia kwenye makabati ya waliokuwa wakimsaka: nyaraka za ubalozi wa Kiingereza, zilizogawanyika kati ya hifadhi ya Zanzibar pale Kilimani na ile ya Kew, London. Mwaka 1896 serikali ya Uingereza ilichapa kabisa kitabu cha mawasiliano kuhusu "uasi" ule, kwa ajili ya wabunge wao. Wabunge wa London walisomewa habari za Gazi mwaka ule ule. Sisi tunangoja mpaka leo.

Hardinge akaja kuandika kumbukumbu zake, zikatoka mwaka 1928. Mwanahistoria Cashmore akaandika maisha ya Mbaruk katika kitabu kuhusu viongozi sita wa Afrika Mashariki, kikachapwa Boston mwaka 1968, na ni kazi nzuri. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, babake Profesa Ali Mazrui, aliandika historia ya ukoo wake kwa Kiarabu. Alifariki mwaka 1947, na kitabu kikaja kutoka mwaka 1995, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hesabu lugha hizo. Kiingereza, Kiingereza, Kiarabu na Kiingereza. Bibi wa Gazi anayekaanga samaki pale ufuoni, ambaye babu yake huenda alibeba bunduki ya Mbaruk au alibeba mzigo wa Mbaruk, hana mahali pa kuanzia.

Mtu atasema hii ni kawaida, viongozi walioshindwa wote ndivyo wanavyoishia. Si kweli kabisa. Kule Marekani kulikuwa na kiongozi wa watu wa Creek, wenyewe hujiita Muscogee, akiitwa Alexander McGillivray. Mama Mcreek, baba Mskoti, mtu wa karne ya 18. Huyo naye alikuwa na akili ya Mbaruk: Wahispania upande huu, Wamarekani upande ule, yeye katikati anaandikia wote, na mwaka 1790 akatia saini mkataba na serikali ya Washington, New York. Naye alimiliki watumwa. Alifariki mwaka 1793. Barua zake nyingi zilibaki kwenye mafaili ya Wahispania, si kwa watu wake. Lakini mwaka 1938 mwanahistoria mmoja, Caughey, alizikusanya akazitia kitabuni, na tangu hapo ukitaka kumsifu au kumlaani McGillivray unafungua ukurasa. Bado wanabishana, usidhani waliacha. Ila wanabishana na maneno yake mkononi.

Narudi kwa wale wa upande wa pili, wa watumwa, manake sitaki waone nawakwepa. Wana haki. Mazrui wa Gazi walikuwa na mashamba, na mashamba ya wakati ule yalilimwa na watumwa. Wakati wa njaa kali ya 1884 familia za Kimijikenda ziliweka watoto rehani kwa watu wa pwani ili zipate chakula, na si watoto wote waliorudi kwao. Haya hayafutiki kwa kusema "alipigana na Mzungu." Wakati huo huo, kati ya waliompigania walikuwamo watumwa na watoro, na wako Wadigo na Waduruma waliosimama naye na wengine waliomkimbia. Kwa nini huyu alisimama na yule akakimbia? Mimi nataka kujua. Sijui mtu mwingine yeyote wa Kwale ambaye maisha yake yanatugusa sote kwa pamoja namna ile, mwenye mashamba, mtumwa, Mdigo, Mshirazi wa Vanga, mpaka Mhindi wa dukani aliyekopesha. Kumfanya malaika ni uvivu. Kumfuta pia ni uvivu, na huo wa pili una hatari zaidi, kwa sababu ukimfuta bwana unamfuta na mtumwa wake. Majina ya wale waliovuka naye mpaka mwaka 1896 yakiwa yameandikwa popote, basi ni humo humo kwenye karatasi za yeye na maadui zake.

Tena msinione napenda makaratasi kwa ajili ya historia tu. Nazungumza kama mtu wa Kusini. Huku kwetu karatasi ndiyo inayoamua nani alale wapi. Mwaka 1908 ilikuja sheria ya hatimiliki za ardhi ya ukanda wa pwani: mwenye dai alete ushahidi, asiyeleta ardhi yake ihesabiwe ya Taji la Uingereza. Waliokuwa na hati, au waliojua kuandikisha, waliandikisha. Mijikenda wengi hawakuwa na kitu cha kuonyesha ila miembe, minazi na makaburi. Mwaka 1914 Mazrui wa Takaungu walitungiwa sheria ya wakfu wa ardhi yao, ikafutwa mwaka 1989, na ugomvi wa kule Kilifi unaujua. Ukishuka huku, kutoka Diani mpaka Ramisi, kila kijiji kina mzee anayeitwa skwota kwenye shamba alilozikwa babu yake. Hata wale vijana wa "Pwani si Kenya," uwakubali usiwakubali, hoja yao ilisimama juu ya karatasi mbili, mkataba wa 1895 na wa 1963. Waliijua dunia inavyokwenda.

Nimekaa na familia moja, sitaitaja, wana karatasi imekunjwa mara nane ndani ya kopo la maziwa ya unga. Maandishi ya Kiarabu, wino wa kahawia. Miaka yote wanaamini ndiyo hati ya shamba. Wakaipeleka ofisi moja, wakaambiwa hakuna anayeweza kuisoma, walete kitu cha maana. Maalim mmoja mzee akaisoma kwa dakika kumi. Ni Kiswahili. Ni mauzo ya minazi, minazi tu bila ardhi, kama ilivyokuwa desturi, na ndani yake yametajwa majirani wa pande nne kwa majina yao na ya baba zao. Kwa hiyo si hatimiliki, lakini ni ushahidi kwamba watu hao walikuwapo pale. Ilikuwa nyumbani kwao wakati wote, kwa lugha yao wenyewe, na hawakuweza kuisoma kwa sababu shuleni walifundishwa herufi moja na madrasa walifundishwa kusoma Kurani, si mkataba wa minazi.

Kwa hivyo nasema hivi. Serikali ya kaunti ya Kwale inajua kutumia pesa kwa sherehe. Sijaombea jumba la makumbusho la vioo. Naomba nakala. Mtu mmoja anayesoma Kiarabu na Kiswahili cha zamani atumwe Kilimani, Unguja, kwa mwezi mmoja, na simu nzuri na barua ya ruhusa. Mwingine aandikiane na Kew. Barua zote za Mbaruk na zote alizoandikiwa zipigwe picha, zisomwe, zitolewe kwa Kiswahili kinachosomeka, na nakala moja ikae Gazi penyewe. Barua za matusi pia. Barua za kuuliza mtumwa wangu yuko wapi, hizo hasa. Wala msiniambie Gazi ni kijiji kidogo hakiwezi. Kijiji hicho na jirani yake Makongeni, tangu mwaka 2013, kupitia Mikoko Pamoja, vinauza hewa ukaa iliyonaswa na mikoko, na pesa zimeleta maji na kusaidia shule. Watu walioweza kuuza hewa watashindwa na barua?

Na pale kwenye nyumba yenyewe, kibao. Chenye pande zote mbili, alipigana na Waingereza na alimiliki watu. Mlango wake wa nakshi tuliambiwa uko salama Fort Jesus, Mombasa. Sawa, mlango ukae. Mimi nataka yaliyopitia mlangoni.

Wakati tunawangoja wakubwa, kuna la kufanya bila ruhusa ya mtu. Yule maalim amekubali kukaa nasi Jumamosi mbili za mwezi huu, Msambweni, baada ya adhuhuri. Mwenye karatasi ya nyanya au babu, ya herufi za Kiarabu, hata kama unadhani ni hirizi, njoo nayo. Hatuichukui. Maalim anaisoma mbele yako, tunapiga picha ukikubali, unaondoka nayo. Ije na mtu mzima wa nyumba hiyo, msitume watoto. Na nawaomba kwa hisani yenu, msiipeleke kwanza kwa kijana wa saiba kuitia ile plastiki ya moto. Moja tayari imeharibika hivyo, wino umeyeyuka mstari wa majina.